Jina Asiloliandika Joyness

Ukifika Bariadi ukamuulizia Joyness wa kompyuta, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba ni mbishi. Wengine watalisema hilo kwa kumsifu, wengine kwa kumlalamikia, na yuko meneja mmoja aliyewahi kuwa mkubwa wake ambaye angelisema huku akisaga meno. Mwenyewe hakatai. Husema ubishi ndiyo mali pekee aliyotoka nayo kwao Mwamanyili ambayo hakuna aliyempokonya njiani.

Kwao walilima mpunga na pamba. Alipomaliza darasa la saba na jina lake lisionekane kati ya waliochaguliwa kwenda sekondari, baba yake alimwambia basi, jembe lile pale. Joyness alilichukua jembe, akalima msimu mmoja bila kununa, kisha akatangaza kwamba anakwenda Maswa kujifunza kupiga chapa kwa akina mama wa kanisa. Hakuomba ruhusa, alitoa taarifa. Akiwa katikati ya mafunzo hayo ndipo alipoolewa na Mihayo wa Dutwa, na hapo ndipo kila mtu alipodhani habari ya mashine za chapa imekwisha.

Ukoo wa mumewe ulikaa kikao. Wakasema mwali haendi shule, mwali hupika, na aliyesoma sana hatamheshimu mtu. Aliyewanyamazisha alikuwa baba mkwe wake. Mzee huyo hakuwa na maneno mengi. Alisema mkwe wake anakwenda kumalizia masomo, na mwenye neno amletee yeye, asimpelekee binti. Basi kila wiki alfajiri mzee alilifunga begi la Joyness kwenye keria ya baiskeli yake, akaikokota mpaka kituo cha basi, naye Joyness akafuata nyuma kwa umbali wa adabu. Hawakuzungumza njia nzima. Wakifika, mzee alilishusha begi, akaliweka chini, akageuza baiskeli. Joyness husema katika maisha yake hajawahi kupendwa kwa kelele ndogo kuliko ile.

Mzee huyo alikuwa na jina, na jina ndilo kisa chenyewe. Mimi ninayesimulia sikuolewa Dutwa, kwa hiyo kinywa changu ni huru: aliitwa Masunga, mwana wa Luhende. Joyness hajawahi kulitamka hili wala lile. Katika nyumba nyingi za huko, mke hamtaji baba wa mumewe kwa jina, wala babu, na adabu hiyo haiishii kwa wazee wenyewe. Humfuata kila mwenye jina kama lao, awe jirani, mwanafunzi au mwizi wa kuku. Ukikutana na Masunga mwingine gulioni unamwita Mkwe, naye anaelewa mara moja, anacheka, na pengine anakuongezea kiazi. Kwa Joyness haikuwa hofu ya mizimu, maana yeye ni mtu wa kanisani na huimba sauti ya pili. Ilikuwa ni lile begi kwenye baiskeli.

Soko la pamba lilipoachwa huru, maghala ya ushirika yakabaki ya popo, na kampuni binafsi zikaingia Bariadi moja baada ya nyingine, kila moja na mizani yake na ahadi zake. Mojawapo ilichukua kinu kilichokuwa kimelala, ikakiamsha, ikaleta na kompyuta. Mkuu wake alikuwa Meneja Januarius, mtu wa mbali aliyevaa tai hata kwenye vumbi la kinu. Alitafuta anayejua kupiga chapa, na Joyness akaja na cheti chake cha Maswa. Akapewa kiti, feni, na kanzidata ya wakulima, yaani sanduku la majina lililomo ndani ya mashine.

Mpango wa kampuni ulikuwa hivi. Wakati wa kupanda, mkulima alichukua mbegu, na jina lake likaingizwa kwenye kompyuta ya makao makuu Mwanza. Wakati wa mavuno, alipouza pamba kituoni, stakabadhi ilikuja Bariadi na Joyness akaingiza mauzo. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, funza wanapoanza kuvisaka vitumba, mashine ililinganisha majedwali hayo mawili, jina kwa jina. Aliyechukua mbegu na kuiuzia kampuni alipewa dawa ya kunyunyizia. Aliyechukua mbegu na kuwauzia wapinzani alinyimwa. Kuhusu huko kulinganisha Joyness hakuambiwa lolote. Aliambiwa aingize, akaingiza. Na kila alipofika kwenye jina lile, au la babu, mkono wake uliandika Mkwe bila kumuuliza, kama ambavyo mdomo wake ungesema.

Mwezi wa pili ulipofika, kukawa na kilio. Dawa ilikwenda vijijini, na kila Masunga akarudi mikono mitupu. Si Masunga mmoja: Masunga wote, toka Dutwa mpaka mpakani, na kila Luhende, na kila aliyekuwa mtoto wao. Mashine iliwaandika kuwa wamekula mbegu wakakimbia. Watu walisema mengi. Kuna waliosema kinu kimerogwa, na kuna waliosema Masunga fulani alimtukana mwenye kampuni, sasa wanalipa wote. Vijana waliosoma walisema ni kirusi. Meneja Januarius yeye alisema jibu ni jepesi, wakulima hawa ni wezi. Neno hilo lilimchoma Joyness, maana pamba ya baba mkwe wake aliiona kwa macho yake ikipandishwa mizani ya kampuni.

Mwanza wakamleta mtaalamu, Kristofa, aliyeutengeneza mfumo wenyewe. Alikuwa kijana mpole, mwenyeji wa Upareni, mwenye miwani minene na subira ya mganga wa meno. Alianza na yaliyo dhahiri. Akapuliza nyuzi za pamba zilizoziba matundu ya mashine. Akabadilisha waya. Akaijenga upya faharasa, ile inayoionyesha mashine kila jina limekaa wapi. Akakagua mipangilio ya tarehe na ya herufi, akalinganisha disketi zilizotoka Mwanza na zilizobaki Bariadi. Kila kitu kilikuwa kizima, ila watu hawakuwamo. Akataka stakabadhi zenyewe za vituoni, akaambiwa mchwa wamezimaliza ghalani. Mwishowe akachapisha jedwali la mauzo kwa mpangilio wa alfabeti, akaketi kulisoma jina moja moja, na alipofika herufi ya M akakunja uso.

"Dada Joyness," akauliza, "huu ukoo wa Mkwe ni wa wapi? Unalima pamba kuliko koo zote, na hakuna hata mmoja wao aliyechukua mbegu."

"Si ukoo. Ni wakwe zangu. Ndivyo ninavyowaandika."

"Na huyu Mkwe Mkwe wa Dutwa?"

"Huyo ndiye mwenyewe."

Kristofa alivua miwani, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa amedhani ni jina la Kisukuma lililofanana tu na neno la Kiswahili. Kisha akamweleza jinsi mashine inavyolinganisha, na kicheko kikamwisha alipomwona Joyness anavyobadilika uso. Hapo ndipo Joyness alipoelewa kwamba heshima yake ilikuwa imeyanyima dawa mashamba ya watu. Aliona haya. Lakini hakungoja kuitwa. Aliinuka akaingia ofisini kwa meneja, akamwambia kosa la kutomwambia mtu ni lake, na wakulima si wezi, kwa hiyo lile neno alirudishe.

Meneja hakulirudisha. Alisema aketi sasa hivi ayaandike majina yote kama yalivyo. Kristofa hangeweza kuyabadilisha kwa amri moja, kwa sababu Mkwe alikuwa amesimama badala ya majina mawili, na aliyeweza kukumbuka yupi ni yupi, kijiji kwa kijiji, alikuwa Joyness peke yake. Joyness akasema atafanya kazi yoyote, atakesha ikibidi, lakini jina lile haandiki. Meneja akamwambia kuandika si kutamka.

"Mkono ni wangu, kama mdomo ulivyo wangu," Joyness akasema.

Meneja akamkumbusha kwamba siku hizi ni soko huria, mila zibaki kijijini.

"Kilichoachwa huru ni soko, meneja. Adabu yangu haikupandishwa mizani."

Akapewa usiku mmoja wa kufikiri. Kesho yake ama aandike, ama arudishe ufunguo wa ofisi. Nyumbani mumewe alimwambia afanye anachoona sawa, jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo.

Asubuhi getini palijaa. Akina Masunga walikuwa wamesikia kwamba mtaalamu yupo, wakaja kwa baiskeli na mabomba yao ya kunyunyizia yamefungwa nyuma, matupu. Kati yao alikuwapo baba mkwe. Meneja Januarius alipoambiwa ni nani, uso ukamchangamka. Akatuma aingizwe ndani. Alidhani amepata dawa ya ubishi.

Mzee aliingia na kofia mkononi. Joyness akapiga goti kumwamkia, macho chini. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," mzee akaitikia kwa Kisukuma, akimwita mama huku akiutazama mlango.

Meneja akamweleza yote, kwa adabu, akamaliza kwa kumwomba amwamuru mkwe wake aandike, kwa kuwa ni yeye mwenyewe atakayepata dawa. Funza walikuwa wamekwishaingia shambani kwake, kila mtu wa Dutwa alijua. Aliitazama ile mashine, kisha akasema polepole:

"Nilipomkubali huyu, watu walisema hataniheshimu kwa sababu amesoma. Amekaa kwangu miaka yote hii na jina langu halijamtoka. Leo aliteme kwa ajili ya chupa za dawa? Funza na wale pamba."

Akavaa kofia yake, akatoka.

Kumbishia meneja ilikuwa kazi nyepesi kwa Joyness, hata ilimpa raha kidogo. Lakini kumwona mzee yule anaondoka kuiacha pamba yake iliwe kwa ajili yake, hilo lilimvunja. Angeweza kukimaliza kilio chote cha getini kwa kuketi tu. Aliitazama kibodi. Akaona kwamba akiandika sasa, mzee atakuwa ameitoa pamba yake bure, na asipoandika, mzee atashinda njaa kwa ajili yake. Hasira ikampanda, si kwa meneja tena bali kwa mashine yenyewe. Akamgeukia Kristofa.

"Kaka Kristofa, kijijini kwetu ng'ombe wa watu wote wanakunywa lambo moja, na jioni kila mmoja anarudi zizi lake. Hakuna anayewaita kwa majina, wana alama. Mashine yako kwa nini inang'ang'ania jina la mkwe wangu?"

Kristofa alimtazama meneja kabla ya kujibu. Akasema hilo yeye alilitaka tangu mwanzo: kila mkulima apewe namba yake, na mashine imjue kwa namba, kwa sababu majina hufanana, hubadilika, na watu huyaandika wanavyotaka. Aliyelikataa ni meneja, akisema kugawa namba kutachelewesha ununuzi. Meneja akasema hata sasa hakuna muda, mwanamke aandike majina, basi.

Labda ubishi huambukiza. Kristofa alivuta kiti, akaketi mbele ya mashine, akasema kwa sauti yake ileile ya upole kwamba mfumo huu amekabidhiwa yeye mpaka atakapoondoka Bariadi, na anaurekebisha. Joyness hakungoja kusikia jibu la meneja. Alikimbia getini. Mzee alikuwa ameshapanda baiskeli, yuko mbali, na mkwe hana jina la kumwitia.

"Baba!" akaita.

Wazee wote waliokuwa pale wakageuka, na kule mbali baiskeli moja nayo ikageuka. Hakujali, maana wote aliwahitaji.

Wakaingia mmoja mmoja. Kila mtu alimtajia Kristofa jina lake kwa kinywa chake mwenyewe, naye akamtafuta kwenye jedwali la mbegu. Kisha mkulima akamweleza Joyness kijiji chake na mzigo aliouza, na Joyness akamtafuta kati ya wakwe zake. Wakikubaliana, rekodi zote mbili zikapewa namba moja, na Kristofa akaiamuru mashine isiulize jina tena. Wa kwanza alikuwa Mkwe Mkwe wa Dutwa. Mzee alipokuwa akijitaja, Joyness aligeuza uso akautazama ukuta, kama inavyompasa mkwe. Kisha akageuka, akaandika namba.

"Wabeja, mayu," mzee akashukuru. Katika maisha yao hilo lilikuwa mojawapo ya mazungumzo yao marefu.

Dawa ilitoka. Mashamba mengine iliyakuta yameshaharibika, nami sitasema uongo kwamba iliokoa kila kitumba. Shamba la mzee liliokoka nusu. Alivuna hiyo nusu akaileta kwenye mizani ileile, akajitaja kwa namba kabla hajaulizwa, na watu wa Dutwa wakamtania kwayo mpaka akazoea.

Kabla ya kuondoka, Kristofa aliwaambia Mwanza kwamba mfumo unahitaji msimamizi papo hapo Bariadi, si mtu wa kusafirishwa kila unapokwama, nao wakakubali. Akamfundisha Joyness kuhifadhi nakala, kujenga faharasa, kumfungulia mtumiaji na kumfungia. La mwisho lilikuwa neno la siri la msimamizi. Alimwambia achague neno ambalo hakuna mtu atakayelisikia kinywani mwake, hata kwa kumbembeleza. Tena asihofu macho ya watu, maana kioo hakionyeshi herufi, kinaonyesha nyota tu. Akacheka, akasema anadhani analijua litakuwa lipi. Meneja Januarius alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Kisha wakatoka wote, wakamwacha Joyness peke yake na mashine.

Meneja hakusamehe. Pamba ya msimu ule ilipokwisha kununuliwa alimwambia Joyness kwamba kampuni inapunguza watu, asihangaike kurudi. Joyness hakubembeleza. Alimwuliza kama kuna kitu anachotaka kukabidhiwa, akajibiwa ufunguo unatosha. Akauweka mezani, akarudi Dutwa, akashika jembe, ambalo hakuwahi kulinunia.

Kisha Mwanza wakataka orodha ya mbegu mpya, upesi. Meneja akaiwasha mashine, nayo ikamwuliza neno la siri. Kristofa alikuwa ameshaacha kazi, amekwenda Dar es Salaam, na simu aliyoiacha haikupokelewa. Angeweza kumtuma mtu kwa Joyness akaulize. Kuuliza ni jambo dogo, lakini kwa wengine ni kubwa kuliko kinu. Tena hakuona haja. Neno ambalo hakuna atakayelisikia kinywani mwa mwanamke yule, nani asiyelijua? Akaketi, akakunja mikono ya shati, na mbele ya wafanyakazi wote akaandika Masunga.

Mashine ikakataa. Akaandika Luhende. Ikakataa. Akaandika yote mawili, kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kwa kuyaunganisha, kwa kuyatenganisha. Ikakataa kila mara, na kila mara tabasamu lake likapungua kidogo, mpaka likaisha.

Siku Joyness alipochagua neno lake hapakuwa na mtu chumbani. Kioo kilionyesha nyota tu. Angeliandika jina lile, lingekaa humo mpaka leo, lingemfungulia kila asubuhi, na hakuna kiumbe ambaye angejua, si meneja, si ukoo wa Dutwa, si mzee mwenyewe. Hakuliandika.

Gari la kampuni lilimkuta shambani. Alimaliza tuta alilokuwa nalo, akanawa miguu, akabadili nguo, akaja. Alisema mlangoni, kabla ya kuketi, kwamba mfumo haufunguliwi na mgeni. Kama wanamtaka aufungue, atafungua akiwa mfanyakazi, na ufunguo wa ofisi arudishiwe. Meneja akautoa mfukoni. Joyness akavuta kiti chake, akavisogeza vidole kwenye kibodi, kisha akasita.

"Meneja," akasema, "naomba ugeuke kidogo."

Na Meneja Januarius akageuza uso, akautazama ukuta mpaka alipoambiwa basi.